Picha ya Namugongo na Moto Usiochorwa

 

 Wapenzi wanafunzi wetu, na wazee mnaosomewa jarida hili majumbani, makala hii inahusu picha. Huenda mtu akashangaa jarida la madrasa kuzungumzia picha za kuchorwa. Hukumu ya kuchora viumbe wenye roho maalim wenu wanaisomesha katika darsa za hadithi, nami sitaiingia hapa. Ninachokikusudia ni kitu kingine: kuna picha mashuhuri katika Afrika Mashariki yetu inayohusu watu waliouawa kwa ajili ya dini, na nyuma ya picha hiyo kuna Waislamu ambao wengi wetu hatuwajui.

Mwanafunzi anayesoma historia skuli, au mwenye jamaa aliyewahi kuishi Kampala, Bukoba au Mwanza, huenda ameshaiona. Hutundikwa makanisani na huchapishwa katika kalenda na vitabu. Ni picha ya vijana walioitwa Mashahidi wa Uganda. Kwa hakika si picha moja, maana wameichora wengi. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya Albert Wider, mchoraji wa Uswisi, aliyoichora mwaka 1962, miaka miwili kabla ya Papa Paulo VI kuwatangaza vijana 22 wa Kikatoliki kuwa watakatifu huko Rome, tarehe 18 Oktoba 1964. Nyengine zinaonesha moto wenyewe: kuni zimepangwa, vijana wamefungwa ndani ya mikeka ya matete, wauaji wa mfalme wamesimama pembeni, na ndimi za moto zinapanda. Mtu akiitazama hawezi kuipita hivi hivi. Ndiyo kazi ya picha ya namna hiyo, imshike mtu moyo kabla hajauliza swali lolote.

Nasi tuulize maswali, kwa adabu, maana hawa ni watu walioheshimiwa na jirani zetu Wakristo na hatuna haja ya kumdharau aliyekufa kwa ajili ya anachokiamini.

Picha inaeleza nini? Mwaka 1884 Mwanga alitawazwa kuwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza walikuwa wameshafika tangu 1877, na mapadri wa Kifaransa tangu 1879. Vijana wengi waliotumikia katika jumba la mfalme walikwenda kusoma kwao. Mwanga aliona mambo mawili. La kwanza, Wazungu walikuwa wakinyakua nchi za pwani, na mwaka 1885 Wajerumani waliingia huku bara ya Tanganyika. Aliogopa kwamba wanaosali na Wazungu watawafungulia Wazungu mlango. La pili, vijana wale walianza kumkatalia. Walimkatalia hata jambo la haramu alilowataka wafanye, jambo ambalo dini yetu na yao zote zinalikataza. Basi akaamuru wauawe. Siku iliyo kubwa zaidi ni tarehe 3 Juni 1886, katika kilima cha Namugongo, nje ya Kampala ya leo, ambapo kundi la vijana lilichomwa moto wakiwa hai.

Sasa itazame tena picha ya mwaka 1962. Wote 22 wamekusanywa pamoja, kama watu wa jamaa moja waliopiga picha siku ya Idi. Lakini hawakufa pamoja. Wa kwanza wao, Yosefu Mukasa, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Wa mwisho, Yohana Maria Muzeeyi, aliuawa tarehe 27 Januari 1887. Baina yao imepita zaidi ya miezi kumi na minne, na baadhi yao hawakuchomwa Namugongo bali waliuawa njiani au mahali pengine. Aidha, Waprotestanti 23 waliouawa na mfalme huyo huyo hawamo katika picha ya Wakatoliki, ingawa baadhi yao waliungua siku ile ile mahali pale pale. Mchoraji hakusema uongo. Yeye alitakiwa kuchora watakatifu wa kanisa lake, akawachora hao. Ila mtazamaji asiyejua hudhani ameoneshwa yote yaliyotokea.

Na mmoja katika hao 22, Matiya Mulumba, aliyekatwa viungo na kuachwa afe peke yake kilimani, aliwahi kuwa Mwislamu kabla hajahamia kwa Waprotestanti na kisha kwa Wakatoliki. Jambo hili halionekani kwenye picha kwa namna yoyote. Lakini ndilo linalotufungulia mlango wa habari yenyewe, maana linatuonesha kwamba Uislamu ulikuwapo Buganda kabla ya misheni, na ulikuwa na wafuasi wake.

Uliletwa na watu wa kwetu. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna akitokea pwani, kwa njia ya misafara iliyopitia Tabora na Karagwe. Inasimuliwa kwamba siku moja aliona watu wakichinjwa kwa amri ya mfalme, akasimama akamwambia Suna kwamba watu hao ni viumbe wa Allah, naye mfalme mwenyewe kaumbwa na Allah, basi hana haki ya kuwaua namna ile. Baraza zima likatetemeka. Mfalme hakumdhuru, bali akataka kujua zaidi kuhusu huyo Allah. Mimi kila nikiisoma habari hii hujiuliza ni wangapi katika sisi wangeweza kusema hivyo mbele ya mfalme mwenye upanga, tena ugenini, tena na bidhaa za kuuza.

Suna alikufa mwaka 1856, akarithiwa na mwanawe Mutesa. Huyu aliupokea Uislamu kwa nguvu. Tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa kiasi cha miaka kumi, akajenga msikiti katika jumba lake, akajifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu, akaamuru watu wake wasalimiane salamu ya Kiislamu na wafuate kalenda ya Hijria. Na tusifiche: aliwaadhibu walioacha kuswali, na wapo waliouawa kwa hilo. Dini kwa Mutesa ilikuwa amri kama amri nyengine za ufalme. Wapo waliofuata kwa hofu. Lakini wapo vijana wa jumbani, rika la wanafunzi wetu wa madarasa ya juu, walioisoma dini mpaka ikawaingia, na siku ile amri ilipogeuka wao hawakugeuka.

Iligeuka hivi. Mutesa aliipenda dini, lakini hakutahiriwa, kwa sababu mila ya Buganda ilikataza damu ya Kabaka kumwagwa. Pamoja na hayo alikuwa akisimama mbele na kuswalisha. Wafanyabiashara wa pwani walilivumilia jambo hilo kwa muda mrefu. Walikuwa wageni, na biashara zao zilimtegemea yeye. Kisha wakafika Waislamu wengine kutoka upande wa Misri na Sudan, wakati Khedive Ismail wa Misri alipokuwa akitafuta kuitia Buganda katika himaya yake. Hawa walikuwa wakali katika mafunzo. Wakawaambia vijana kwamba msikiti wa mfalme haukuelekea kibla sawasawa, kwamba asiyetahiriwa hafai kuwaswalisha, na kwamba nyama isiyochinjwa na Mwislamu haifai kuliwa. Vijana wakashika waliyofundishwa. Wakaacha kuswali nyuma ya mfalme. Na nyama ilipoletwa barazani kutoka kwa wachinjaji wa mfalme, wakakataa kuila.

Katika jumba la mfalme yule, kukataa chakula chake ni kumkataa yeye. Isitoshe, waliowafundisha walikuwa ni watu wa dola ya Misri aliyokuwa akiihofia. Basi mwaka 1876 (sawa na 1293 Hijria) Mutesa akatoa amri wakamatwe. Wakapelekwa Namugongo wakachomwa moto. Hesabu inayotajwa zaidi ni kiasi cha vijana 70, na wapo waliouawa katika sehemu nyengine za Buganda. Kikosi cha Misri kiliondoka Buganda mwaka huo huo.

Miaka kumi baadaye, kilima kile kile na adhabu ile ile zikatumika kwa Wakristo. Mwanga hakubuni kitu. Alifanya alivyofanya baba yake.

Mmoja wa wanafunzi, nilipowasimulia habari hii darasani, aliuliza swali zuri sana: "Maalim, ndio wafe kwa sababu ya nyama?" Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka, maana swali hili ndilo kitovu cha jambo.

Sheria yetu haimlazimishi mtu afe kwa ajili ya kitoweo. Mwenye kulazimishwa, au aliyefikwa na dharura, amesamehewa hata kula nyamafu, na aya zake mnazijua. Ammar bin Yasir (R.A.) aliteswa na makafiri wa Makka mpaka akatamka walilotaka alitamke huku moyo wake umetulia katika imani, naye Mtume (S.A.W.) hakumlaumu. Hiyo inaitwa rukhsa. Lakini wazazi wake Ammar, Yasir na Sumayya, waliuawa wala hawakutamka. Na Bilal (R.A.) aliwekewa jiwe kifuani juani naye akabaki na neno lake lile moja. Hiyo wanachuoni huiita azima. Njia zote mbili ziko wazi, na hakuna anayeweza kumwamrisha mwengine achague ile nzito. Vijana wa Buganda walichagua ile nzito. Huenda hawakuijua hata hiyo rukhsa, kwani dini walikuwa nayo kwa miaka michache tu na waliowafundisha mara ya mwisho hawakuwa watu wa kulegeza. Na nadhani wao hawakuona kwamba ni suala la nyama. Kila siku mfalme aliwaamulia wale nini, wavae nini, waue nani. Sasa kukawa na kitu kimoja ambacho si yeye mwenye kukiamua.

Turudi kwenye picha. Kwa nini hawa 70 hawakuchorwa?

Sababu moja ni ya historia. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga, kisha wakapigana wao kwa wao. Waislamu walishika nchi kwa mwaka mmoja hivi chini ya Kabaka Kalema, na katika mwaka huo wao nao walimwaga damu, hata za watoto wa kifalme. Kisha wakashindwa. Kiongozi wao, Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, Waingereza walimpeleka uhamishoni hapa Zanzibar mwaka 1893, akarudishwa kwao mwaka 1895. Hivyo huyu mtu mkubwa wa Uislamu wa Uganda alipitisha miaka miwili Unguja, na ni wangapi katika sisi wanaolijua jina lake? Baada ya hapo vyeo vikubwa, skuli, mitambo ya kuchapisha vitabu na njia za kwenda Ulaya vyote vilikuwa mikononi mwa Wakristo na misheni zao. Mchoraji huchora kwa kuagizwa, na mwenye kuagiza huagiza watu wake.

Tena wakati mwengine anayeagiza picha ni mtesaji mwenyewe. Nchini Hispania, Waislamu waliobatizwa kwa nguvu, walioitwa Moriscos, walifukuzwa nchini kuanzia mwaka 1609 kwa amri ya Mfalme Felipe wa Tatu. Hadi kufikia mwaka 1614 watu kiasi cha 300,000 walikuwa wamepakiwa majahazini na kuvushwa kwenda Afrika ya Kaskazini. Baada ya kazi hiyo mfalme akaagiza picha kubwa za rangi ya mafuta juu ya kitambaa, ziwe kumbukumbu ya alichokihesabu kuwa ushindi wa dini. Zilichorwa miaka ya 1612 na 1613 na wachoraji wa Valencia, wakiwemo Pere Oromig na Vicent Mestre, na bado zipo. Ni picha za kazi kubwa: bandari, merikebu zimejaa, watu wadogo wadogo kwa mamia ufukweni. Katika picha ya bandari ya Denia wapo waliofukuzwa wanaoonekana wakicheza ngoma na kupigana mieleka, kama waliokuja matembezini. Lakini tazama pia wanavyoagana na wazee na mizigo yao. Mchoraji aliyelipwa kusherehekea hakuweza kuyaficha yote. Kwa hiyo picha ya mshindi nayo hufaa, akipatikana wa kuisoma vizuri.

Sababu ya pili inatoka kwetu wenyewe. Waislamu wa Uganda hata wangekuwa na wachoraji na fedha, hawangewachora shuhadaa wao na kuwatundika msikitini. Hatuwachori Mitume, hatuwachori Masahaba, na hatuna picha ya Bilal wala ya Sumayya. Mimi sioni kwamba tumepungukiwa kwa hilo. Lakini aliyeacha picha inampasa awe na kitu kingine badala yake, kama vile kusimulia, kuandika na kuwaombea dua. Tukiacha picha na tukaacha na kusimulia, hapo tumewazika mara mbili.

Namshukuru Allah (S.W.) kwamba habari hizi hazikupotea zote. Sir Apolo Kaggwa, Waziri Mkuu wa Buganda, naye ni Mkristo wa Kiprotestanti, aliyaandika mauaji ya Waislamu katika kitabu chake cha historia ya wafalme wa Buganda kilichotoka mwaka 1901 kwa Kiganda. Na mwaka 1964, mwaka ule ule wa sherehe kubwa ya Rome, Ahmed Katumba na F. B. Welbourn walichapisha katika jarida la Uganda Journal makala iitwayo kwa maana yake "Mashahidi wa Kiislamu wa Buganda", wakikusanya simulizi za wazee. Welbourn alikuwa kasisi wa Kianglikana. Mwislamu na kasisi walikaa pamoja kuandika habari za watu wetu, nasi tulio pwani, ambao babu zetu ndio waliopeleka dini ile, hatuzisomeshi. Hapa simlaumu mtu, nasema tu ilivyo.

Leo Namugongo ina kanisa kubwa la Kikatoliki lililojengwa kwa umbo la kukumbusha nyumba ya Kiganda, lenye nguzo 22, lililofunguliwa tarehe 3 Juni 1975. Waanglikana nao wana mahali pao jirani. Kila tarehe 3 Juni ni siku ya mapumziko Uganda nzima, na mahujaji huja kwa miguu hata kutoka Tanzania na Kenya. Msikiti pia upo.

Na kwa wanafunzi wa darasa la Juzuu Amma kuna jambo la kuongeza. Surat al-Buruj, sura ya 85, ambayo wengi wenu mmeshaihifadhi, inataja watu waliochimbiwa mahandaki ya moto wakatiwa humo, na wauaji wao wamekaa pembeni wanatazama. Kosa lao halikuwa ila kumwamini Allah. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Suhaib (R.A.) kisa kirefu cha mfalme, kijana na mtawa, na cha mama mwenye mtoto mchanga aliyesita mbele ya moto, mtoto akasemeshwa na Allah akamwambia mama yake asubiri, kwani yuko katika haki. Wengi katika wafasiri wanasema hao ni watu wa Najran, waliokuwa wakifuata dini ya Nabii Isa (A.S.) kabla ya kuja Mtume wetu (S.A.W.), na kwamba aliyewachoma ni mfalme Dhu Nuwas wa Yemen. Hayo yalitokea kiasi cha mwaka 523 wa Miladi, karibu miaka 50 kabla ya kuzaliwa Mtume (S.A.W.).

Maalim wa darasa hilo awaulize wanafunzi wake wayatafute katika sura hiyo majina ya waliochomwa. Hawatayapata, wala la mfalme aliyewachoma hawataliona.